Nani Anauvuta Mgongo wa Kola

Benchi letu limeegemea ukuta wa duka la fundi Kola, upande mmoja bucha, upande wa pili kibanda changu cha viatu, na mtu akishaketi pale asubuhi hapungukiwi na kitu: kahawa ipo, kivuli kipo, na wa kubishana naye yupo hata kama hukumwita. Mimi ndiye Gundi, nashona viatu. Mwenye bucha tunamwita Ndoano, maana hoja zake, kama nyama zake, huning'inia zenyewe bila mwili. Spana hutengeneza pikipiki ng'ambo ya barabara, na kila kikombe anachoshika hubaki na alama za vidole vya grisi. Kahawa ni ya Mama Birika, kwa hiyo benchi ni lake kuliko la mwenye ukuta. Asubuhi hiyo Kola alitoka dukani kwake amepinda, mguu mmoja kiatu, mguu mwingine ndara, kwa kuwa kiatu chake kimoja kilikuwa mapajani mwangu kikingoja soli mpya, kama kawaida yake. Saa nne angekuja mtu kuitazama cherehani yake, na akiipenda aondoke nayo. Sote tulijua, na hakuna aliyekuwa amelitamka.

— Keti, fundi, — Mama Birika akamwambia, huku akimimina.

— Nikiketi sitainuka, mama. Nipe nikiwa nimesimama.

— Hiyo ndiyo kusimama? — Spana akainama kumtazama usoni. — Mimi nilidhani umeangusha sindano.

Kola alitabasamu kwa adabu tu. Huyu ni mtu aliyeshona kwa miaka ishirini na sita kwenye mashine ile ile ya kukanyaga, na kola za mashati yake husimama hata pale mwenye shati ameanguka. Jina alilipata hapo. Lakini mwezi wa tano sasa alikuwa hawezi kumaliza shati moja bila kuinuka mara sita kushika ukuta. Akanywa funda moja, akatoa mfukoni karatasi iliyokunjwa mara nne, akaitandaza juu ya goti la Ndoano. Ilikuwa picha ya mtu asiye na ngozi, mbele na nyuma, misuli mitupu.

— Mwalimu wangu wa yoga amenipa kazi ya nyumbani, — akasema.

Vichwa vikageuka. Kisha wote tukasema kwa pamoja.

— Mwalimu wako wa nini?

— Tangu lini?

— Si ulituambia unakwenda zahanati?

— Ndiko huko huko, — Kola akasema. — Dawa zilishindwa, daktari akanipeleka ukumbi wa nyuma. Kuna mama anafundisha yoga ya wenye maumivu. Hii ni wiki ya tatu. Sikuwaambia kwa sababu nawajua.

— Yoga ile ya kusimama kwa kichwa? — Spana akauliza.

— Ya wagonjwa, bwana. Tunalala kwenye mikeka. Tunafundishwa kupumua.

— Kupumua? Na miaka yote hii ulikuwa unatumia nini?

— Kuna mkao wa paka. Kuna mkao wa mtoto. Mwisho kuna mkao wa maiti.

Kikombe cha Ndoano kilisimama njiani.

— Wa nani?

— Wa maiti. Unalala chali, macho umefumba, hufanyi kitu.

— Na mwalimu anawatazama?

— Anatutazama.

— Fundi, — Ndoano akasema kwa huruma ya kweli, — wahenga walisema mazoea yana taabu. Ukizoea kulala kama maiti, siku yako ikifika nani atajua?

— Na umri wako huo, — Spana akadakia. — Samaki mkunje angali mbichi. Wewe ulishakaushwa zamani.

Mama Birika akagonga kifuniko cha birika kwa kijiko. Ndivyo anavyofunga kikao na ndivyo anavyokifungua.

— Mwacheni aseme. Kazi gani ya nyumbani?

Kola akaweka kidole kwenye picha. Alikuwa ameikariri, ilionekana, kama mtoto aliyeogopa kuulizwa.

— Anasema msuli haujui kusukuma. Unajua kazi moja tu, kuvuta. Mtu anasimama wima kwa sababu huyu anavuta huku na mwenzake anavuta kule, wote wawili kwa kiasi. Sasa mmoja akizidisha, mwenzake anaelemewa, anaanza kulia. Kwa hiyo anayelia si lazima awe ndiye mkosaji. Anayelia ndiye anayevutwa. Mimi mgongo unalia, naukanda mgongo, mke wangu anaukanda mgongo, kumbe labda mgongo hauna kosa. Akaniambia: "Mimi nakuona ukiwa kwenye mkeka tu. Kazini sikuoni. Nenda ujichunguze, kesho uje uniambie nani anauvuta mgongo wako."

— Na ni nani? — Mama Birika akauliza.

— Sijui, mama. Kesho ndilo darasa, na mashine inaondoka saa nne leo.

Aliyasema hayo akitazama ndani ya kikombe. Nilitamani kumwambia asiuze, lakini mtu hawezi kumwambia mwenzake avumilie maumivu asiyoyasikia yeye.

Ndoano ndiye wa kwanza kuinyanyua karatasi. Aliisogeza mbali, akaisogeza karibu, na uso wake ukachangamka.

— Huyu mtu amechunwa vizuri. Aliyemchuna anajua kazi. Lakini kwa nini hawakumaliza kumkata?

— Hiyo ni misuli ya binadamu, Ndoano. Mwalimu anasema iko zaidi ya mia sita.

— Mia sita? Mimi nakata vipande kumi na viwili na ng'ombe mzima anaisha.

— Ndiyo maana watu wanalalamika, — Spana akasema.

— Sikilizeni. Kikulacho ki nguoni mwako. Wewe ni fundi wa nguo, sivyo? Basi ugonjwa umetoka kwenye nguo. Kitambaa kizito. Yale makoti ya walinzi uliyoshona mwaka jana. Uzito ule umepanda mikononi, ukashuka mabegani, ukaganda hapa. — Akamchoma Kola kiunoni kwa kidole kinene. Kola akashika ukuta. — Mmeona? Nimeugusa. Mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama.

— Umegusa anayelia, — Mama Birika akasema. — Ametuambia sasa hivi, anayelia hana kosa.

Spana alikuwa ameshasimama. Spana akipata wazo hawezi kulibeba akiwa ameketi.

— Ngojeni. Haujui kusukuma, unajua kuvuta tu. Huo si waya wa breki? Huo ni waya wa breki kabisa. Mtu analeta pikipiki, analia gurudumu la nyuma linakaza. Mimi siendi kwenye gurudumu. Nafuata waya, nafuata, nafuata, naukuta umenasa huku mbele, mahali ambapo mwenye pikipiki hata hapajui.

— Hapo umesema neno, — Kola akasema, na kwa mara ya kwanza akainua kichwa.

Kosa lake. Ukimsifu Spana huwezi tena kumzuia.

— Kwa hiyo ukitaka kujua mgongo, nenda mwisho wa waya. Mwisho wa waya ni wapi? Vidoleni. Fundi, una kucha ndefu za miguu. Mguu ukiingia kwenye kiatu, kucha inasukuma kidole, kidole kinarudi nyuma, waya wote unakaza mpaka kisogoni. Kata kucha leo, kesho unacheza mpira.

— Kucha? — Mama Birika akacheka mpaka kahawa ikamwagika. — Wewe ndugu yangu, mwili wa mtu si pikipiki. Mwili unakazwa na maneno yasiyosemwa. Tangu mdogo wake ahamie kwake na watoto wanne, amewahi kumwambia neno?

— Mdogo wangu hana neno, mama.

— Hana yeye, unalo wewe. Umelimeza. Neno likimezwa haliendi tumboni, linajificha nyuma. Nenda leo nyumbani, mwambie ahame, halafu ujinyooshe uone.

Nikaona zamu yangu imefika. Nilikuwa na nadharia yangu ya siku nyingi, na nilikuwa nikiitunza kwa siku kama ile. Nikaweka nyundo chini, kiatu nikakiacha mapajani.

— Jamani, tazameni mdomo wake. Fundi anashika pini kwa meno tangu asubuhi hadi jioni. Miaka ishirini na sita ameuma meno. Taya limekaza, taya likaivuta shingo, shingo ikauvuta mgongo. Hili si jambo la nguo wala la kucha. Mkosaji ni taya. Mwambie mwalimu wako kesho, taya.

Niliona wametulia, nikaridhika. Mpaka leo nikikumbuka jinsi nilivyoridhika nasikia joto masikioni.

— Taya, — Kola akarudia taratibu. — Kucha. Mdogo wangu. Makoti ya walinzi. — Akaiweka chini kahawa yake. — Ndugu zangu, mimi nawapenda. Lakini nina saa moja tu. Ile mashine niliachiwa na shangazi yangu, ndiyo imewasomesha wanangu, na sina kazi nyingine ninayoijua. Nikiuza leo, kesho nitaamka niende wapi? Nisaidieni kweli.

Hapo benchi zima lilijisikia dogo. Hata Spana aliketi.

Ndoano akaitazama tena ile picha, muda mrefu, midomo ikicheza. Kisha akainuka, akaingia buchani, tukasikia vyuma vinagongana.

— Njooni, — akaita. — Wote. Mama, njoo na birika.

Juu ya meza ya kukatia alikuwa amelaza nusu ya nyuma ya ng'ombe, nzima, kuanzia mbavu za mwisho hadi mguuni. Ng'ombe wa alfajiri, alituambia, bado hajakakamaa. Akasukuma kando mafuta ya figo, na chini yake, ndani kabisa, kandokando ya uti wa mgongo, ikaonekana nyama ndefu ya mviringo, laini na safi.

— Hii ni sarara. Ndiyo nyama laini kuliko zote, ile mnayoninunulia mkiwa na mgonjwa. Kila siku naitoa, na siku zote naitolea upande wa tumbo. Huwezi kuifikia kwa nyuma hata ukichimba. Sasa tazameni. Inaanzia hapa, kwenye pingili za mgongo. Inapita ndani ya nyonga. Inakwisha hapa, kwenye mfupa wa paja. — Akaichukua karatasi, akabandika kidole chenye damu kwenye picha ya mbele, palepale ndani ya tumbo. — Na huyu bwana aliyechunwa anayo. Ile ile. Kutoka mgongoni hadi pajani.

Tukasogea. Nilisahau kwamba ni nyama. Mama Birika alikuwa amekumbatia birika lake kama linalotaka kumtoroka.

— Ivute, — Kola akasema.

Ndoano akaishika sarara kwa mikono miwili, akaivuta. Paja la ng'ombe likajongea kuelekea tumboni. Kidogo tu, lakini sote tuliliona.

— Waya, — Spana akanong'ona. — Waya kabisa.

— Ivute tena, — Kola akasema. Sauti yake ilikuwa imebadilika. — Lakini Spana, lishike paja. Likandamize lisitembee.

Spana akalilalia paja kwa uzito wake wote. Ndoano akavuta. Paja halikwenda popote. Na safari hii uti wa mgongo wenyewe ndio uliokunjika, pale chini kiunoni, ukaingia ndani kama upinde.

Hakuna aliyepumua, wala hatukuwa na wa kutufundisha.

— Mguu ukizuiwa kuja, — Kola akasema polepole, — mgongo ndio unakwenda.

Mkono wake ulikuwa umeshuka wenyewe hadi kwenye kinena, mbele, mahali ambapo kwa miezi mitano hakuna mtu aliyemkanda, si mkewe, si daktari, si sisi wenye vidole virefu. Akapabonyeza. Uso ukamkunjamana, kisha akacheka, kicheko cha mtu aliyekuta funguo zake kwenye mfuko wa pili.

— Yupo, — akasema. — Huyu hapa. Mama, yupo huku mbele.

— Ng'ombe haitumii sana hii nyama, ndiyo maana ni laini, — Ndoano akaeleza, kifua kimemjaa. — Ya kwako wewe, fundi, mimi siwezi kumuuzia mtu.

Tulitoka buchani tukisema wote kwa wakati mmoja, na mteja aliyekuwa akingoja kilo yake ya mifupa alituacha akaenda zake. Kola ndiye aliyetunyamazisha. Ng'ombe ana sarara mbili, alisema, ya kulia na ya kushoto, na yeye pia. Ni ipi?

— Kuna mkao mmoja, — akasema. — Darasani huwa nauibia. Unapiga goti moja chini, mguu mwingine unautanguliza mbele, kisha unasukuma nyonga mbele taratibu huku kifua umekisimamisha. Mwalimu anasema unafungua mbele ya nyonga ya ule mguu uliopiga goti. Mimi nikifika nusu narudi, naangalia kama ameniona.

— Leo tunakuona, — Mama Birika akasema. — Twende.

Nikachana boksi la viatu, nikamtandikia. Akapiga goti la kushoto. Alikwenda mbele vizuri, polepole, hadi mwisho, akapumua kama alivyofundishwa. Tukampigia makofi. Kisha akabadilisha, akapiga goti la kulia, akasukuma. Hakufika popote. Mgongo ulipinda palepale, kama ule wa mezani.

— Huu unakataa, — akasema, jasho linamtoka. — Huu kabisa.

— Wa kulia, — Spana akasema. — Wa kulia ndiye mkosaji. Lakini kwa nini? Si mtu mmoja, mwili mmoja, nyumba moja?

Na hapo mjadala ukawaka upya, maana jibu moja benchini kwetu huzaa maswali sita.

— Ni barabara hii, — Spana mwenyewe akajibu. — Imeinama. Ukienda sokoni mguu wa kulia uko juu, wa kushoto uko chini. Mji mzima huu una sarara moja fupi, watu hawajui tu.

— Na wakirudi kutoka sokoni?

— Wakirudi wamebeba vitu. Hesabu inabadilika.

— Mdogo wake analala chumba cha upande gani? — Mama Birika akauliza. — Cha kulia, najua. Nyamaza, fundi, usinijibu.

— Pini huwa anazibana shavu la kulia, — nikasema, maana sikuwa tayari kuliacha taya langu.

Ndoano alisema njia pekee ya kujua ni sote tujipime, mtu asibishane bila ushahidi wa mwili wake. Tukatandaza maboksi. Kwa hiyo ilipofika saa nne kamili, palikuwa na wanaume wanne wamepiga goti moja mbele ya duka la cherehani, vifua mbele, macho juu, wakipumua kwa sauti, na mama mmoja amesimama mbele yao na kijiko, anawahesabia.

— Samahani, — sauti ikasema nyuma yetu. — Nimemuulizia fundi anayeuza mashine, wakanielekeza hapa.

Alikuwa dada wa makamo, utepe wa kupimia bado uko shingoni, ametoka kazini moja kwa moja. Kola akainuka kwa kushika bega langu. Mimi na Spana tukainuka. Ndoano hakuinuka.

— Inuka, — Spana akamnong'oneza.

— Siwezi. Imenasa.

— Mpanda ngazi hushuka.

— Nimeshashuka, bwana. Kupanda ndiko kumeshindikana.

Yule dada alitupita kwa heshima, kama mtu anayepita penye msiba, akaingia dukani na Kola. Tuliwaona dirishani. Alifungua mashine, akazungusha gurudumu kwa mkono, akasikiliza. Akachuchumaa chini akatazama mshipi wa gurudumu, kisha akakaa huko chini muda mrefu. Mashine ilikuwa nzima na yeye alijua kutazama.

Wakatoka pamoja. Dada alikuwa akijifuta vidole.

— Mashine ni nzuri, fundi. Sina neno nayo. Swali ni moja tu, nijue kama itanifaa mimi. Wewe huwa unakanyaga kwa mguu upi?

— Kwa miguu, — Kola akasema.

— Yote miwili?

— Ndi...

Akaitazama miguu yake, mmoja kiatu, mmoja ndara, kana kwamba wamekuja wageni wawili na hajui nani ni nani.

— Yote miwili, — Ndoano akasema kutoka chini, lakini bila nguvu.

— Wa kushoto, — Spana akasema. — Au... Fundi, si wa kushoto?

— Mimi namuona dirishani miaka yote hii, — Mama Birika akasema, — lakini dirisha linaishia kifuani.

Kola akajaribu kukanyaga hewani, akaacha, akajaribu tena. Mguu ukiulizwa hausemi. Miaka ishirini na sita, na pale benchini palikuwa na nadharia za kucha, za mdogo wake, za makoti, za mteremko wa barabara, na kwa swali la yule dada hatukuwa na jibu hata la kubahatisha.

Basi ndipo nilipotazama mapajani kwangu, nikakumbuka kwamba nimesimama, nikatazama mkononi. Kiatu kilikuwa hapo. Nilikuwa nimepiga goti nacho. Soli imelika mpaka imekuwa kama karatasi, pale mbele kwenye unyayo, mahali pamoja tu. Kiatu cha kulia. Nilichokuwa nimekitia soli kabla ya hiki kilikuwa cha kulia. Na kabla ya hicho. Cha kushoto sijawahi kukigusa. Kile alichokuwa amekivaa bado kilikuwa na soli ya kiwandani, na mimi, fundi viatu, nimekuwa nikimpokea Kola na kiatu kimoja miaka yote hiyo, nikimtania kwamba anaogopa kuvaa vyote viwili, halafu asubuhi nzima nimewasimulia watu habari za taya.

Nikakiinua kile kiatu. Sikuwa na uso wa kusema.

Kola akakichukua, akakigeuza, akapitisha kidole gumba pale soli ilipolika. Spana akafumba macho. Mama Birika akasema taratibu:

— Gundi, wewe.

— Najua, mama, — nikasema.

— Pedali yako ndivyo ilivyo, — yule dada akasema. — Kona ya kulia chuma kinang'aa, rangi imeisha. Kona ya kushoto rangi bado ipo kama siku iliyotoka dukani. Ndiyo sababu niliuliza. Mimi nakanyaga kwa miguu yote miwili.

— Na wa kushoto nauweka wapi? — Kola akauliza, akijiuliza mwenyewe. — Nauweka... chini ya kiti. Nimeukunja chini ya kiti, na wa kulia peke yake ndio unaopandisha paja kutwa. Shangazi alinifundisha nikiwa mdogo, mguu mmoja tu ndio uliokuwa unafika.

Hakungoja tumjibu. Aliingia dukani na ndara yake, tukasikia kiti kinavutwa, na sisi wote tukajazana dirishani, isipokuwa Ndoano, ambaye tulimuachia mlango wazi asikie. Kola aliketi. Akaukunja mguu wa kulia chini ya kiti, akauweka wa kushoto juu ya pedali, akazungusha gurudumu kwa mkono kama afanyavyo siku zote, akakanyaga. Gurudumu likarudi nyuma. Uzi ukakatika.

Akatunga uzi upya. Akakanyaga. Ukakatika.

Mara ya tatu alishona kama shubiri moja kwenye kitambaa chakavu, na mstari ule ulikuwa umepinda kiasi kwamba hata mimi ningeuonea haya. Akaushika juu ya mwanga akautazama, na mtu yule anayewadai wanaojifunza kushona kwake mstari ulionyooka kama rula alikuwa anacheka mwenyewe, machozi yako karibu.

— Fundi, — dada akamwita kwa upole kutoka mlangoni. — Sasa unauza au huuzi?

Kola hakuinua kichwa. Alikuwa anatafuta tundu la sindano.

— Dada yangu, nisamehe. Nipe mwezi mmoja. Huu mguu umeajiriwa leo.

Yule dada alimtazama, akaitazama pedali, akaufungua utepe shingoni akaukunja.

— Mwezi mmoja, basi. Nitarudi kuiangalia hiyo rangi ya kushoto. Nikiikuta bado mpya, naondoka na mashine.

Mama Birika akamtafutia kikombe. Aliinamisha birika, likatoa matone mawili na mashapo; kahawa ilikuwa imekwisha tukiwa buchani na hakuna aliyeona. Spana akaenda kumwinua Ndoano, maana Ndoano alikuwa ameshatambaa na goti lake mpaka kwenye kivuli cha bucha. Mimi nikarudi kibandani, nikakata soli, nikaipiga gundi, nikaigonga. Sikuwahi kugonga soli kwa furaha namna ile. Ilipokauka nikampelekea dirishani.

— Fundi, — nikamwambia, — hiki chukua. Lakini safari nyingine niletee cha kushoto. Cha kulia sikipokei.